Anajaza Mapengo Vizuri Lakini Insha Bado ni "Kitabu Yangu": Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Mtoto wa Shule ya Msingi na Sarufi, Tahajia na Uakifishaji

Wazazi wenzangu, swali la kwa nini mtoto anajaza mapengo vizuri lakini insha inamshinda limerudi mara nyingi mpaka nimeona heri niliandike jibu lake lote mahali pamoja. Umenunua pepa za marudio, mtoto anazijaza kila jioni, anapata 8 kwa 10, wewe umefurahi, halafu siku ya insha daftari linarudi limejaa wino mwekundu: "kitabu yangu", "ni na enda", "ngombe", ukurasa mzima bila kitone hata kimoja. Unaenda kununua pepa zingine. Hakuna kinachobadilika.

Shida ni kwamba pepa ya mapengo inampa mtoto majibu ya kuchagua, A, B, C au D, na yeye anachagua ile inayosikika vizuri. Akiandika sentensi yake mwenyewe hakuna mtu wa kumwekea chaguo, mkono unaandika vile mdomo huongea, na mdomo wa mtoto wa Nairobi umezoea Kiswahili cha mtaa, Sheng na Kiingereza cha darasani vyote kwa siku moja. Kwa hivyo tutaanza na mdomo na sikio, kalamu ifuate, na tutashika kosa moja kwa wakati. Hilo la mwisho ndilo wazazi wengi hukataa na ndilo linalofanya kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari moja jipya la nyumbani, lisichanganywe na la shule.
- Penseli na raba. Kalamu nyekundu wacha dukani.
- Katoni tupu, ya maziwa au ya sabuni, ukate kadi kama 30 za ukubwa wa kiganja. Na kalamu nene ya kuandikia hizo kadi.
- Kitabu cha Kiswahili cha darasa lake, kile alichopewa shuleni.
- Kamusi ya shule. Ya mtumba iko sawa kabisa, wauza vitabu wa barabarani katikati ya mji huwa nazo, angalia tu kurasa ziko zote.
- Gazeti la Taifa Leo hata kama ni la mwezi uliopita.
- Dakika 15, siku nne kwa wiki.

Kuhusu hizo dakika: mtoto anayeshuka kwa basi la shule saa kumi na mbili jioni amekaa kwa jam tangu saa kumi hana akili ya ngeli, na ukimlazimisha atachukia somo lenyewe. Kama nyumba yenu iko hivyo, fanyeni siku mbili za wiki kwa mdomo tu, wakati unapika, halafu Jumamosi na Jumapili asubuhi ndio daftari lifunguliwe.

Kama nyumbani hakuna vitabu vya hadithi, hapa Nairobi maktaba za kaunti, ile ya Kaloleni na ile ya Makadara, ziko Eastlands, na ile ya McMillan iko mjini, Banda Street. Mpeleke akachague mwenyewe.

## Hatua ya 1: Pata sampuli, usisahihishe

Siku ya kwanza mwambie aandike sentensi kama sita kuhusu kitu alichofanya wikendi. Usimsaidie, usimwambie "kumbuka kitone", kaa kando. Akimaliza mwambie asante, chukua daftari, akaende kucheza.

Usiku ndio uisome wewe. Kwa karatasi yako chora safu nne: *sauti na herufi*, *maneno yaliyounganishwa au kukatwa vibaya*, *ngeli*, *alama*. Kila kosa liweke kwa safu yake. Utashangaa kwamba yale makosa yaliyoonekana kama mia ni matatu au manne tu yanayojirudia.

Onyo: usimwonyeshe hiyo karatasi. Mtoto akiona orodha ya makosa yake ataanza kuandika sentensi fupi fupi za maneno anayoyajua ili asikosee, na hapo hutakuwa na cha kufundisha.

## Hatua ya 2: Chagua kosa moja tu

Gredi ya 1 hadi ya 3 anza na sauti, nafasi kati ya maneno, herufi kubwa na kitone. Ngeli kwa hao iwe ya kuongea tu. Gredi ya 4 hadi ya 6, kama anaandika maneno vizuri, rukeni moja kwa moja mpaka ngeli.

Kosa ulilochagua mkae nalo wiki mbili. Katika hizo wiki mbili makosa mengine yote yaache yapite, hata kama yanakuuma macho, kwa sababu mtoto akisahihishwa vitu kumi kwa ukurasa mmoja hakumbuki hata kimoja.

## Hatua ya 3: Sauti kwanza, herufi baadaye

Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, na hiyo ni bahati kubwa kwetu, maana mtoto akitamka sawa karibu ataandika sawa. Hapa ndipo penye sauti zinazosumbua watoto wengi wa hapa, na jinsi ya kuzishika kwa mwili kabla ya kuziandika.

Ng na ng'. Mwambie aseme *ngoma*, *nguo*, *ngazi*, hapo g inasikika wazi. Halafu *ng'ombe*, *ng'oa*, *king'ora*, g haipo, sauti yote inapitia puani. Akisikia tofauti ndio umwonyeshe ile ritifaa, kale kamkato ka juu, na umwambie kazi yake ni kutuambia g isisikike. Mtoto aliyeambiwa tu "weka kamkato" ataweka hata kwa *nguo*.

Th, dh na z. Kwa th na dh ulimi hutoka kidogo kati ya meno, kwa z unabaki ndani. Mpe kioo ajiangalie. Kutofautisha th na dh aweke vidole kooni: *dhahabu* koo inatetemeka, *thelathini* inapoanza haitetemeki. Kisha maneno matatu matatu: *thamani, methali, hadithi*, *fedha, dhaifu, dhambi*, *zamani, mzazi, zulia*.

Gh. Hii wengi huiandika g tupu: "gafla", "luga", "shuguli". Yapo maneno machache tu anayohitaji kwa kiwango chake, afadhali ayakariri kama familia moja: *ghafla, ghali, ghala, ghorofa, lugha, shughuli*.

H. Wengine huidondosha, wengine huiongeza pasipo mahali pake, "haliondoka" badala ya "aliondoka". Kiganja mbele ya mdomo: *hapa* pumzi inagonga mkono, *apa* haigongi. *Haya* na *aya*, *hama* na *ama*.

L na r. *Kalamu* na *karamu*, *kula* na *kura*, *mahali* na *mahari*. Hapa kuwa mwangalifu sana. Kama lugha ya mama inachanganya hizo sauti mtoto hajafanya uvivu, sikio lake ndilo halijazoea kuzitenganisha. Asichekwe, na ndugu zake wakanywe wasimwige. Na kama wewe mzazi pia zinakuchanganya, hakuna shida, tumia redio, taarifa ya habari ya KBC Radio Taifa kwa mfano, au muombe jirani anayezitamka vizuri akurekodie maneno kumi kwa simu.

Baada ya sauti ndio maneno yaingie kwa kadi. Mtoto anaangalia kadi, anatamka kwa silabi, *shu-ghu-li*, anaifunika, anaandika, anafunua na kujihakikishia mwenyewe. Maneno matano kwa siku yanatosha. Kufunika ni lazima, akinakili huku anaangalia ni macho yanafanya kazi, kichwa kimelala.

Utajua imeshika ukimtajia neno ambalo hajawahi kuliona kwa kadi, tuseme *ng'arisha* au *maghala*, na aandike sawa bila kuuliza.

## Hatua ya 4: Maneno yaliyokatwa na yaliyogandana

"Ni na enda shule." "Si kula." "Kwasababu." "Nimwalimu."

Sheria ya kumpa ni rahisi: kitenzi cha Kiswahili ni treni, na mabehewa yake yote hushikana. *Ninaenda*, *sikula*, *atawapikia*, *tulipofika*, hakuna kuachanisha. Kipimo chake: akate kile kipande aseme peke yake. "Na" ya *ninaenda* ukiisema peke yake haikuambii wakati wowote, kwa hivyo irudi ndani. Lakini "na" ya *Baba na Mama* na "ni" ya *ni mwalimu* ni maneno kamili, yanasimama.

Yale yanayoandikwa mbali mbali ayakariri: *kwa sababu, kwa hivyo, ya kwamba, baada ya, badala ya*. Hayo mawili ya mwisho yapewe siku yake, kwa sababu hapa Nairobi yamechanganywa vibaya sana, mtoto anaandika "badala ya kula nilinawa mikono" na alimaanisha alikula kwanza. Mwache aigize kwa vitendo: *baada ya kula, nilicheza*, afanye vyote viwili. *Badala ya kula, nilicheza*, sahani ibaki imejaa.

## Hatua ya 5: Ngeli, na hapa tukae

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukisikiliza watoto wa mtaa wowote, Umoja, Kawangware, Zimmerman, utasikia kwamba karibu kila kitu kimetupwa kwa ngeli ya I-ZI, lile kundi la *kalamu imepotea, kalamu zimepotea*: *jina yangu, kiatu yangu, mkono yangu, macho yangu inauma, mafuta imeisha, vitabu zangu*. Kwa hivyo mtoto wako hajachanganyikiwa ovyo, anafuata sheria, ila ni sheria ya mtaani. Ukijua hivyo utaacha kumwambia "hujui Kiswahili", neno ambalo huua hamu ya mtoto haraka kuliko kosa lolote.

Usianze na jedwali. Jedwali la A-WA, KI-VI, LI-YA atalikariri kama wimbo na bado aandike "kiatu yangu". Anza na vitu vya nyumba.

*Siku za kwanza, mdomo tu.* Zungukeni jikoni na chumbani, yeye anashika kitu anasema, kimoja na vingi:

- kikombe changu, vikombe vyangu
- shati langu, mashati yangu
- mlango wangu, milango yangu
- sahani yangu, sahani zangu
- ufunguo wangu, funguo zangu

*Kisha fremu ya kupoteza.* Hii ndiyo silaha kubwa ya mwongozo huu wote. Kila kitu kinapotea kwa sentensi moja yenye viambishi vitatu:

Kiatu changu kizuri kimepotea.
Shati langu zuri limepotea.
Mkoba wangu mzuri umepotea.
Kalamu yangu nzuri imepotea.
Mashati yangu mazuri yamepotea.
Viatu vyangu vizuri vimepotea.

Sababu ya kutumia fremu moja: nomino ikibadilika, sikio linasikia zile sehemu tatu zikibadilika nayo, na baada ya siku kadhaa mtoto anaanza kusikia kwamba "kiatu yangu imepotea" ina kasoro hata kabla hajui kueleza kwa nini. Hiyo fremu ifanyeni kwa matatu mkikwama Jogoo Road au Thika Road, mnapeana vitu mnavyoviona dirishani, *gari, mti, mabango, kibanda*, haihitaji daftari.

*Halafu kadi.* Andika nomino 20 kwa kadi, na kwa kadi zingine andika *changu, vyangu, wangu, yangu, langu, zangu*. Anapanga jozi sakafuni, anasoma kwa sauti, na mwisho anaandika sentensi tano za kwake kwa daftari.

Maonyo mawili. Mtoto akishika KI-VI vizuri ataanza kusema "kijana hiki" na "kipepeo changu kimepotea". Furahi, ina maana sheria imeingia, kisha mfundishe kwamba kila chenye uhai wa mtu au mnyama kinakwenda A-WA hata kama kinaanza na ki-: *kijana huyu, kiongozi wetu, kipepeo wangu amepotea*. La pili, kuna nomino ambazo ni za wingi tu, *maji, mafuta, mate*: maji yamemwagika, mafuta yameisha. Hizi zirekebishwe jikoni maana ndipo hutajwa kila siku.

*Na wewe je, unajibu vipi?* Mtoto akikuambia, "Mama, kiatu yangu imepotea," usimkatize. Mjibu tu, "Kiatu chako kimepotea? Hebu angalia chini ya kitanda." Amesikia sawa, amepata kiatu, hajaaibishwa. Fanya hivyo bila kuchoka, asubuhi na jioni, kuna nguvu kubwa hapo kuliko pepa nyingi sana. Na Sheng na marafiki zake muachie, mwambie wazi kwamba ile ni ya kucheza na hii ni ya kuandika na ya kuongea na ticha. Watoto wanaelewa hilo haraka, wanabadilisha lugha kwa shosho na kwa konda bila kufundishwa.

Utajua imeshika siku atakapojirekebisha mwenyewe katikati ya sentensi: "kitabu ya... kitabu changu". Usipige makofi, endelea na mazungumzo.

## Hatua ya 6: Imla, lakini kwa utaratibu

Chukua sentensi tatu au nne kutoka kitabu chake cha darasa, ziwe na lile kosa la wiki.

1. Soma yote mara moja kwa mwendo wa kawaida, yeye asiandike, asikilize tu apate maana.
2. Soma vipande vya maneno matatu au manne, mpe muda.
3. Soma yote tena, pumzika kwenye alama, yeye anajikagua.
4. Mpe kitabu. Yeye ndiye anayelinganisha na kupiga mstari chini ya makosa yake. Wewe huandiki kitu kwa daftari hilo.

Hiyo ya nne wazazi huiruka kwa sababu ni polepole, na ndiyo yenye faida, maana siku ya mtihani hautakuwa kando yake. Usivute neno kumsaidia pia, "shuuu-ghuuu-li", unakuwa umemwandikia.

## Hatua ya 7: Alama, ziingie kwa sauti

Mtoto huandika ukurasa bila kitone kwa sababu akilini mwake hadithi haijasimama popote, ni *na... halafu... na... halafu*. Kwa hivyo msomee aya kutoka Taifa Leo, na mwili wake uonyeshe alama: kitone anapiga mguu chini, koma anavuta pumzi kidogo, kiulizi anainua mikono, alama ya hisi anaruka. Kelele zitakuwepo, kama mko ghorofani fanyeni mchana.

Kisha mpe aya iliyovuliwa alama zote, kama hii:

*mama alienda marikiti jumamosi akanunua viazi vitunguu nyanya na dania baba akauliza je umenunua ndizi mama akajibu lo nimesahau*

Asome kwa sauti kwanza, mara mbili. Pale sauti inaposhuka na kusimama anaweka kitone kwa penseli. Akimaliza, iwe hivi:

*Mama alienda Marikiti Jumamosi. Akanunua viazi, vitunguu, nyanya na dania. Baba akauliza, "Je, umenunua ndizi?" Mama akajibu, "Lo! Nimesahau!"*

Vitu vya kuangalia hapo: majina ya mahali (Marikiti hapa ni jina la soko la Nairobi) na siku na miezi yana herufi kubwa hata katikati ya sentensi, na baada ya *Je* kuna koma. Alama za usemi zinafunga maneno yaliyotoka mdomoni tu, na kiulizi kinabaki ndani yake. Kwa Gredi ya 2 au ya 3 usidai alama za usemi, kitone na herufi kubwa zinatosha.

Zoezi la njiani ambalo watoto hulipenda: kuwinda makosa kwa mabango na kuta za vibanda. Anasoma, anakuambia kwa sauti ya chini lingeandikwaje. Sauti ya chini kwa sababu hilo bango ni riziki ya mtu.

## Hatua ya 8: Insha fupi, na kujikagua mara tatu

Mwisho wa wiki ya pili aandike tena sentensi sita hadi kumi, mada achague yeye. Akimaliza asome mara tatu, kila mara na kazi moja:

Mara ya kwanza, kwa sauti, anatafuta mahali pa kitone tu. Mara ya pili anapiga mstari chini ya kila nomino na kuangalia neno linalofuata kama limekubaliana nayo. Mara ya tatu anasoma kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza, neno moja moja, kutafuta tahajia. Kurudi nyuma kunasaidia kwa sababu maana haipo tena ya kumvuta, analiona neno lenyewe.

Wewe utoe maoni kuhusu hadithi kwanza. Muulize kilichotokea baadaye. Kisha lile kosa la wiki pekee.

Sasa toa ile sampuli ya kwanza uliyoificha na uhesabu kimya kimya kosa lile lile. Likiwa limepungua kwa nusu, hamia safu nyingine ya karatasi yako. Likiwa limebaki vile vile, usiongeze muda wala pepa, rudi Hatua ya 3 au ya 5 kwa mdomo tu, wiki moja zaidi.

## Ikigoma kabisa

Kama baada ya mwezi mmoja au miwili mtoto bado anaruka herufi, anapoteza mstari akisoma, anasogeza kitabu puani, au anakuuliza "umesema?" kila mara wakati wa imla, mpeleke akapimwe macho na masikio kabla hujasema ni uzembe. Na uende shuleni na daftari la nyumbani mkononi, ukae na ticha wake wa Kiswahili, umwonyeshe kosa moja na umuulize analiona pia darasani au la. Ticha mwenye watoto wengi kwa darasa moja atakusaidia haraka zaidi ukimpelekea swali dogo kama hilo kuliko ukimwambia "mtoto wangu Kiswahili kinamlemea".